Kompyuta inapokuwa bubu: jinsi ya kuitafuta sauti iliyopotea njiani

Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili wanaoishi Toronto, Canada, kompyuta ya mezani ndiyo redio na ndiyo simu ya kupigia nyumbani. Inaponyamaza ghafla, wengi hudhani imekufa. Makala ya Sayansi na Teknolojia yanaeleza kwa nini mara nyingi sivyo.

Leo tunaelekea Toronto, mji mkubwa kuliko yote nchini Canada, kuzungumzia tatizo linaloonekana dogo mpaka likufike wewe mwenyewe: kompyuta ya mezani inayowaka vyema, inayoonyesha picha na kuandika barua, lakini haitoi hata chembe ya sauti.

Huenda ukajiuliza, kwa nini Toronto? Jibu ni kwamba mji huo ni maskani ya maelfu ya watu waliokulia katika lugha ya Kiswahili. Wamo watu wenye asili ya Asia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, ambapo Canada iliwapokea zaidi ya 6,000 miongoni mwao. Wamo Wazanzibari na Watanzania wa bara, Wakenya, Wakongo, Warundi, na Wasomali waliopitia Kenya kabla ya kuvuka bahari. Wametawanyika katika vitongoji vya Scarborough, North York na Etobicoke, na wengi wao wana kompyuta moja ya nyumba nzima, imewekwa sebuleni.

Kwa watu hao sauti si pambo la kompyuta. Matangazo ya Kiswahili ya masafa mafupi huelekezwa Afrika Mashariki na Kati, si Amerika ya Kaskazini. Hata idhaa ya kimataifa ya Canada yenyewe, Radio Canada International, ilizima matangazo yake ya masafa mafupi mwezi Juni mwaka 2012 na kubakia kwenye intaneti. Kwa hiyo anayetaka taarifa ya habari kwa Kiswahili, mawaidha, taarabu au sauti ya mzazi wake, njia yake ni intaneti. Na muda nao hautoshi. Toronto iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 8 wakati wa majira ya baridi na saa 7 wakati wa kiangazi. Inapotimia saa 2 usiku mjini Dar es Salaam katika mwezi wa Januari, Toronto ni saa 6 mchana. Anayetoka kazini jioni huwakuta jamaa zake wamekwisha kulala.

Tuchukue mfano wa bibi anayeishi Scarborough na ambaye kila Jumapili huzungumza na wajukuu zake walioko Tanga. Jumapili moja anawaona kwenye skrini, midomo inacheza, mikono inapunga, lakini hasikii neno. Jirani anamwambia kompyuta imekwisha, anunue nyingine. Je, ni kweli imekwisha?

Mtoronto aliyepambana na mvumo

Kabla ya kulijibu swali hilo, yafaa tukumbuke kwamba mji huu una historia yake katika fani ya sauti. Mapema katika miaka ya 1920 redio za nyumbani zilitumia betri, tena betri nzito, za gharama na zenye kuvuja tindikali. Kuiunganisha redio na umeme wa nyumba kulileta balaa jingine: umeme huo hubadili mwelekeo mara nyingi katika kila sekunde, na mabadiliko hayo yakasikika kwenye spika kama mvumo wa nyuki usiokoma. Kijana mmoja wa Toronto, Edward Rogers, aliyezaliwa mwaka 1900, alitengeneza taa ya redio iliyoweza kutumia umeme wa nyumba bila mvumo huo kuifunika sauti. Redio yake isiyotumia betri ilionyeshwa kwenye Maonyesho ya Kitaifa ya Canada mjini Toronto mwaka 1925, na mwaka 1927 akaanzisha kituo cha utangazaji cha CFRB. Herufi mbili za mwisho za jina hilo zinamaanisha redio ya Rogers isiyo na betri.

Kisa hiki si cha historia tu. Kinatufundisha kwamba sauti itokayo kwenye chombo ina njia inayopitia, na kwamba tatizo lake hupatikana kwa kuuliza ni katika hatua gani ya njia hiyo limeingia. Na huo mvumo aliopambana nao Rogers, kama tutakavyoona, leo unaweza kutusaidia.

Safari ya sauti

Katika kompyuta, sauti huanza ikiwa tarakimu. Programu, kwa mfano ile ya kuzungumzia na jamaa walio mbali, huzipokea tarakimu hizo kutoka kwenye intaneti na kuukabidhi mfumo mkuu wa kompyuta, kama vile Windows. Mfumo huamua tarakimu hizo ziende kwenye kifaa gani. Kati ya mfumo na kifaa hukaa programu ndogo iitwayo draiva, ambayo kazi yake ni sawa na ya mkalimani. Kisha kifaa chenyewe, yaani saketi ya sauti iliyomo kwenye ubao mkuu wa kompyuta, huzigeuza tarakimu kuwa mkondo mdogo wa umeme. Mkondo huo hutoka kupitia tundu lililo mgongoni au mbele ya kompyuta, hupita kwenye waya, huingia kwenye spika, hukuzwa, na hatimaye huutikisa utando wa spika na hewa iliyo mbele yake. Hapo ndipo sikio linaposikia.

Hatua hizo zote ni sharti zifanye kazi kwa pamoja. Moja tu ikikatika, matokeo huwa ni yale yale: kimya. Ndiyo maana kimya pekee hakiwezi kukuambia kilichoharibika. Fundi hodari hakisii. Huanzia mwisho wa njia, penye sikio, kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua. Huanza na vile visivyogharimu chochote, na hubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Anayebadilisha mambo matano kwa pamoja, sauti ikirejea hajui ni lipi lililoirejesha; na isiporejea, huenda ameongeza matatizo mengine manne.

Swali la kwanza kabisa ni hili: je, kimya kimeenea kompyuta nzima au kiko katika programu moja tu? Jaribu wimbo, kisha jaribu video, kisha programu ya mazungumzo. Iwapo taarabu inasikika lakini wajukuu hawasikiki, basi spika, nyaya na draiva vyote ni vizima, na hakuna sababu ya kuvigusa. Tatizo limo ndani ya ile programu, au upande wa pili kule Tanga, ambako huenda kipaza sauti kimezimwa.

Spika, waya na tundu

Iwapo kimya kimeenea kila mahali, anza na spika. Spika nyingi za kompyuta ya mezani zina umeme wake zenyewe, swichi yake zenyewe na kitufe chake zenyewe cha kuongeza na kupunguza sauti. Taa yake inawaka? Kitufe kimegeuzwa hadi mwisho wa chini? Mtoto alichomoa plagi ili achaji simu? Maswali haya yanaweza kuonekana ya dharau, lakini mafundi wote huanza nayo.

Kwa waliohamia Toronto kutoka nyumbani lipo swali la ziada. Umeme wa majumbani nchini Canada ni wa volti 120 na hezi 60, ilhali ule wa Afrika Mashariki ni kati ya volti 220 na 240 na hezi 50. Spika zilizonunuliwa Mombasa au Kariakoo, zikiwa na transfoma ya volti 230 tu, zikiunganishwa kwenye umeme wa Toronto kwa kutumia adapta ya kubadilisha umbo la plagi, hupata takriban nusu ya umeme zinaouhitaji. Zinaweza kuwasha taa hafifu na zisitoe sauti, au zikatoa sauti dhaifu yenye mikwaruzo. Adapta ya plagi hubadilisha umbo tu; haibadilishi volti. Soma maandishi yaliyo nyuma ya spika au kwenye transfoma yake. Ikiwa yameandikwa volti 100 hadi 240, hakuna tatizo.

Hatua inayofuata ni ya kuigawa njia katikati. Chomoa waya wa spika na katika tundu lile lile chomeka hedifoni. Ukisikia sauti kwenye hedifoni, kompyuta ni nzima na mgonjwa ni spika au waya wake. Usiposikia, ichukue plagi ya zile spika uichomeke kwenye simu au redio yenye tundu la milimita 3.5. Spika zikisikika huko, basi tatizo limebaki ndani ya kompyuta. Kwa majaribio hayo mawili, yasiyozidi dakika tano, nusu ya njia nzima imekwisha kuondolewa lawama.

Asiye na hedifoni wala simu yenye tundu ana hila ya mafundi wa zamani. Spika zikiwa zimewashwa na sauti ikiwa ya chini, gusa kwa kidole ncha ya plagi ndogo ya sauti iliyochomolewa kwenye kompyuta. Mwili wa binadamu hunasa umeme hafifu uliotanda nyumbani kutoka kwenye nyaya za ukutani, na spika nzima itavuma. Ule mvumo aliopambana nao Rogers unakuwa ushahidi kwamba spika iko hai. Tahadhari: tunazungumzia plagi ndogo ya sauti peke yake. Plagi ya umeme wa ukutani haichezewi kamwe.

Ama kuhusu matundu, rangi zake si urembo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 watengenezaji wamefuata utaratibu mmoja: kijani ni la spika au hedifoni, waridi ni la kipaza sauti, na buluu ni la kuingizia sauti kutoka kwenye chombo kingine. Plagi zote tatu huwa na umbo moja, kwa hiyo aliyeisogeza kompyuta ili afagie anaweza kabisa kuirejesha plagi ya spika kwenye tundu la waridi, na kompyuta isinung'unike wala kulalamika. Itanyamaza tu.

Kuna pia plagi iliyoingia nusu. Dalili yake ni ya ajabu: ala za muziki zinasikika kwa mbali, lakini mwimbaji ametoweka. Sababu ni kwamba plagi ina njia mbili, ya spika ya kulia na ya kushoto, pamoja na njia ya pamoja ya kurudishia umeme. Njia hiyo ya pamoja isipogusana sawasawa, kinachosikika ni ile tofauti tu iliyopo kati ya kulia na kushoto. Mwimbaji kwa kawaida hurekodiwa sawa pande zote mbili, kwa hiyo hujifuta mwenyewe. Sukuma plagi mpaka ilie, na mwimbaji atarudi jukwaani.

Sauti iliyokwenda kwenye skrini

Sasa tuseme spika ni nzima na plagi iko kwenye kijani, lakini kimya kingalipo. Mahali pa kutazama ni kwenye mfumo wenyewe, na sababu moja iliyoenea mno siku hizi ina uhusiano na jirani wa Toronto.

Katika mji wa Markham, kaskazini tu ya Toronto, ndiko yalikokuwa makao ya kampuni ya ATI, iliyoanzishwa mwaka 1985 na iliyopata sifa duniani kwa kadi za kuonyeshea picha. Mwaka 2006 kampuni hiyo ilinunuliwa na AMD ya Marekani. Mwaka uliofuata kadi za aina ya Radeon HD 2000 zilitoka zikiwa na saketi yake zenyewe ya sauti, kwa sababu waya wa HDMI, tofauti na ule wa zamani, hubeba picha na sauti kwa pamoja. Watengenezaji wengine nao wakashika njia hiyo hiyo.

Matokeo yake ni kwamba kompyuta ya leo ina vifaa viwili vya sauti au zaidi: kile cha ubao mkuu chenye tundu la kijani, na kile cha kadi ya picha kinachopitia HDMI. Ukinunua skrini mpya na kuiunganisha kwa HDMI, Windows inaweza kuamua kwamba sauti sasa ipelekwe kwenye skrini. Skrini nyingi hazina spika. Kompyuta basi inaimba, lakini inaimbia chombo kisicho na mdomo. Alama ya spika haina msalaba, kipimo cha sauti kinapanda na kushuka, kila kitu kinaonekana ni kizima, na mwenye kompyuta anazidi kuchanganyikiwa.

Dawa yake haihitaji fundi. Bofya alama ya spika iliyo pembeni chini ya skrini, fungua orodha ya vifaa vya kutolea sauti, na uchague kile kilichoandikwa spika au kilicho na jina la saketi ya ubao mkuu, mara nyingi Realtek, badala ya kile chenye jina la skrini yako. Aidha, hedifoni ya Bluetooth iliyosahauliwa ikiwa imewashwa kwenye mkoba inaweza kuipora sauti kwa namna hiyo hiyo.

Ukiwa hapo, tazama pia kipimo cha sauti cha kila programu. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, kila programu ina kipimo chake. Sauti kuu inaweza kuwa juu kabisa huku ile ya programu moja ikiwa sifuri. Vile vile programu za mazungumzo zina orodha yake zenyewe ya spika na vipaza sauti, na zinaweza kushikilia kifaa kilichochomolewa mwezi uliopita. Hapa ndipo penye uwezekano mkubwa wa kupatikana kwa sauti ya wale wajukuu wa Tanga.

Mkalimani asiyeelewa lugha mpya

Iwapo orodha ya vifaa ni tupu, au inasema hakuna kifaa cha sauti kilichopatikana, basi shaka iende kwa draiva.

Itakumbukwa kwamba hapo mwanzo kompyuta hazikukusudiwa kuimba. Ile ya IBM iliyotoka mwaka 1981 ilikuwa na spika ndogo ya kulia mlio wa onyo tu. Moja kati ya kadi za kwanza kuleta muziki wa kweli kwenye kompyuta za aina hiyo ilikuwa ya Canada: kampuni ya Ad Lib ya mji wa Quebec, iliyoanzishwa na Martin Prével, aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Laval, iliitoa kadi yake mwaka 1987. Miaka miwili baadaye kampuni ya Creative ya Singapore ikaleta Sound Blaster, na Ad Lib ikafilisika mwaka 1992. Kila kadi ilikuwa na lugha yake, na kila lugha ilihitaji mkalimani wake. Leo saketi ya sauti imeunganishwa kwenye ubao mkuu na imefuata kanuni za pamoja, zikiwemo zile za Intel za mwaka 2004, lakini mkalimani angali anahitajika.

Mkalimani huyo huyumba zaidi pale mfumo unapobadilishwa. Mwaka 2007 wengi waliohama kutoka Windows XP kwenda Vista walijikuta na kompyuta bubu, kwa kuwa Vista ilikuja na utaratibu mpya wa sauti na draiva nyingi za zamani hazikuuelewa. Jambo la namna hiyo linaweza kutokea tena. Microsoft ilikomesha huduma za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na waliohamishia kompyuta zao kwenye mfumo mwingine wanaweza kukutana na kimya siku hiyo hiyo.

Tiba ni ya ngazi tatu. Ya kwanza ni kuizima kompyuta kabisa na kuiwasha upya, maana huduma ya sauti ndani ya Windows wakati mwingine hukwama. Ya pili ni kufungua Device Manager, kukiondoa kifaa cha sauti katika orodha, kisha kuwasha upya ili Windows ikitafute na kukisimika tena. Ya tatu ni kuipata draiva kutoka kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta au ubao mkuu wake, na si kwingineko.

Tunalisisitiza hili la mwisho kwa sababu hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko kimya chenyewe. Anayeandika kwenye intaneti kwamba kompyuta yake haina sauti hukutana na tovuti zinazogawa draiva bure zilizochanganywa na programu za wizi, na namba za simu za watu wanaojiita mafundi wa kampuni kubwa. Kituo cha Canada cha Kupambana na Ulaghai kimekuwa kikiwatahadharisha wananchi kuhusu matapeli wa aina hiyo. Huomba ruhusa ya kuiongoza kompyuta yako kutoka mbali, huonyesha makosa ya uongo, hudai malipo, na wengine huingia hadi kwenye akaunti ya benki. Ikiwa ujumbe umeruka kwenye skrini ukikutaka upige simu mara moja, usipige. Funga ukurasa, na ukishindwa, zima kompyuta. Mzee anayeishi peke yake na asiyeijua vyema lugha ya Kiingereza ndiye windo linalopendwa zaidi. Kumweleza jambo hili mapema ni wajibu wa watoto na majirani.

Kabla ya kulifungua kasha

Wapo watakaofuata hatua zote hizo na kimya kisiondoke. Kwanza wajaribu kuingia katika mipangilio ya msingi ya kompyuta, ile inayofunguliwa kwa kubonyeza kitufe kama F2 au Delete mara tu mashine inapowaka, kwani humo saketi ya sauti inaweza kuwa imezimwa. Pili, waiwashe kompyuta kwa kutumia mfumo huria wa Linux uliowekwa kwenye kijiti cha USB, bila kuusimika. Sauti ikisikika humo, kifaa ni kizima na kosa ni la Windows. Isiposikika, yaelekea saketi yenyewe imeharibika.

Na hata hapo si mwisho wa kompyuta. Kuna kifaa kidogo cha sauti kinachochomekwa kwenye tundu la USB, kisichozidi ukubwa wa kidole, ambacho huchukua nafasi ya saketi iliyokufa. Bei yake ni sehemu ndogo mno ya bei ya kompyuta mpya.

Ukilazimika kulifungua kasha, kwa mfano kukagua waya mwembamba unaoliunganisha tundu la mbele na ubao mkuu, chomoa umeme kwanza. Kisha ukumbuke majira. Katika baridi ya Toronto nyumba hupashwa moto mchana na usiku na hewa ya ndani hukauka mno. Anayetembea juu ya zulia akiwa na soksi za sufi hujaa umeme tuli, na akigusa chuma huruka cheche. Cheche hiyo ambayo kwako ni mshtuko mdogo inaweza kuiua saketi. Gusa sehemu ya chuma ya kasha kabla ya kugusa chochote ndani. Mtu wa Tanga au Lamu, palipo na unyevu wa bahari mwaka mzima, hana mazoea ya jambo hili, ndiyo maana tunalitaja.

Pa kwenda ukishindwa

Toronto haimwachi mtu peke yake. Tangu mwaka 2013 kuna Repair Café Toronto, ambako mafundi wa kujitolea hukaa na wenye vyombo vilivyoharibika na kuvitengeneza pamoja nao, ili mwenye chombo aondoke na ujuzi vile vile. Fikra hiyo ilianzia mjini Amsterdam mwaka 2009. Maktaba ya Umma ya Toronto, yenye matawi 100, ina kompyuta za bure kwa umma, hivyo anayesubiri matengenezo anaweza kuleta hedifoni yake na kusikiliza huko. Na eneo la Mtaa wa College karibu na Spadina limejulikana kwa miaka mingi kwa maduka ya kompyuta, pale unapohitaji kununua waya au kadi.

Kompyuta ikithibitika kweli kwamba haitengenezeki, isitupwe kwenye pipa la buluu la taka za nyumbani. Vyombo vya elektroniki vina risasi na kemikali nyingine zenye madhara, na mji una vituo vya kuvipokea kwa njia iliyo salama.

Na kwa wale wanaotaka kuipeleka kompyuta yao nzima kwa jamaa Afrika Mashariki, lipo neno moja la mwisho. Kagua kisanduku cha umeme kilicho mgongoni mwake. Baadhi ya visanduku vya zamani vina swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 kisha ikachomekwa kwenye umeme wa Mombasa au Kampala, kisanduku kitaungua papo hapo, na hapo tatizo halitakuwa la sauti tena. Isogeze hadi 230 kabla hujaipeleka bandarini. Spika za Toronto zenye transfoma ya volti 120 peke yake ni heri zibaki Toronto.

Turejee kwa bibi yetu wa Scarborough. Katika mfano wetu programu nyingine zote zilisikika, kwa hiyo hakuhitaji spika mpya, draiva mpya wala kompyuta mpya. Alihitaji kufungua orodha ya spika ndani ya programu ya mazungumzo na kuchagua jina lililo sahihi. Pesa aliyoshauriwa kuitoa kwa kompyuta nyingine yatosha kununulia zawadi ya wajukuu.